Jina la Walker: Je, Wahenga wa Mume Wangu Walikuwa Watembeaji?

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, na huu ni mwaka wa 11. Mume wangu na watoto wetu wawili wanatumia jina la ukoo la Walker. Mwanangu wa miaka 9 amepewa kazi shuleni aeleze asili ya jina lake, nami nilimwambia kuwa maana yake ni mtembeaji, kwa kuwa kamusi inasema hivyo. Baba mkwe wangu anasema wahenga wao walivuka bahari pamoja na William Mshindi mwaka 1066, na sebuleni kwake ametundika ngao yenye nembo ya ukoo wa Walker aliyoinunua dukani miaka mingi iliyopita. Tena darasani kwa mwanangu yuko mtoto mwingine Walker ambaye babu zake walitoka Jamaika, na mwanangu ananiuliza kama ni ndugu yake. Sitaki kumvunjia heshima mkwe wangu, wala sitaki kuwafundisha watoto jambo lisilo kweli. Ukweli ni upi? Na je, kupima DNA kutatusaidia?"

Dada yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna mambo manne: maana ya jina, habari ya mwaka 1066, ile ngao ya ukutani, na undugu wa watu wenye jina moja. Nyuma ya yote hayo naona wasiwasi wa mke na mama anayetaka kumheshimu mzee bila kuipotosha habari anayowapa wanawe. Nianze na la mtoto, maana yeye ana tarehe ya kukabidhi kazi. Walker halina maana ya mtembeaji. Ni jina la fundi, na fundi huyo kazi yake ilikuwa kuikanyaga nguo mpya ya sufu hata ikawa nzito na imara.

Kamusi haikukudanganya, imekupa maana ya leo ya neno, na jina lenyewe lina umri mkubwa kuliko maana hiyo. Katika Kiingereza cha kale kitenzi wealcan kilimaanisha kuviringisha, kugeuza huku na huku, na fundi wa kuigeuzageuza na kuikandamiza nguo aliitwa wealcere. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja kushika baadaye, katika Kiingereza cha zama za kati, ikalimeza neno zima isipokuwa pale lilipokuwa limeshagandamana na watu kama jina lao. Sisi tunayo mifano ya namna hii vinywani mwetu kila siku. Tunasema kufua chuma na kufua nguo kwa sababu zamani kazi zote mbili zilikuwa za kupiga: mmoja akipiga kwa nyundo, mwingine akipiga nguo juu ya jiwe la mtoni. Leo mtu anabonyeza kitufe cha mashine, hapigi kitu chochote, na bado anasema anafua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nguo ya sufu ikitoka kwa mfumaji huwa imelegea, nyuzi zake zinaonekana moja moja, na bado ina mafuta ya kondoo pamoja na mafuta aliyoyapaka msokotaji. Ukiivaa hivyo upepo wa Yorkshire, mkoa wenu, utapita kama unapita kwenye wavu. Fundi aliitia nguo ndani ya hori lenye maji, akaongeza mkojo uliochacha na udongo laini wa kunyonya mafuta, kisha akaingia mwenyewe miguu mitupu akaikanyaga kwa saa nyingi. Mkojo uliochacha hutoa amonia, na amonia huyakata mafuta kama inavyofanya sabuni. Lakini jambo kubwa lilikuwa kwenye unyuzi wenyewe. Unywele wa kondoo una magamba madogo mfano wa magamba ya samaki. Ukilowa, ukapata joto na kusuguliwa, magamba yale hushikana na ya unywele wa jirani, na yakishashikana hayaachani tena. Nguo husinyaa urefu na upana, ikawa nene, hata nyuzi zisionekane. Baadaye ilitolewa nje, ikawambwa juu ya fremu ndefu za mbao zenye kulabu ili ikauke ikiwa imenyooka. Nguo hizo zililala nje usiku, na wizi wake ulichukiwa mno. Mji wa Halifax, ulio jirani na kwenu, ulikuwa na sheria yake ya kumkata kichwa mwizi aliyekamatwa na mali ya thamani ya peni 13 na nusu au zaidi, na sheria hiyo ilitumika mpaka mwaka 1650.

Usidhani kazi ilibaki ya miguu siku zote. Watawa wapiganaji wa Hekalu, waitwao Templars kwa Kiingereza, walipoorodhesha mali zao za Uingereza mwaka 1185, miongoni mwake vilikuwamo vinu vya maji vya kukandamizia nguo, na kimojawapo kilikuwa Newsam, karibu na Leeds. Gurudumu la maji liliinua nyundo kubwa za mbao na kuziachia ziangukie nguo ndani ya hori. Miguu ikapumzika, lakini fundi akaendelea kuitwa Walker, na mahali penye kinu pakaitwa Walk Mill, jina ambalo bado linaonekana kwenye ramani za kaskazini.

Hapa ndipo jina la mumeo linapopendeza zaidi, kwa sababu linakuambia upande wa nchi. Fundi huyuhuyu, kwa kazi hiihii, aliitwa Fuller kusini-mashariki, katika Kent, Sussex na Norfolk. Akaitwa Tucker kusini-magharibi, katika Devon na Somerset. Na kaskazini pamoja na sehemu ya katikati magharibi akaitwa Walker. Ukienda Exeter utakuta jengo la chama cha wafumaji na mafundi hao, lililojengwa mwaka 1471, nalo mpaka leo linaitwa Tuckers Hall. Ukiipanga sensa ya mwaka 1881 kwenye ramani, majina haya matatu bado yamekaa kwa wingi karibu na mahali yalipozaliwa, baada ya zaidi ya miaka 500. Wales nako kinu cha namna hii kiliitwa pandy, nalo neno hilo limo ndani ya jina la mji wa Tonypandy. Na Uskoti baadhi ya watu walioitwa kwa Kigaeli Mac an Fhucadair, yaani mwana wa mkanyaga nguo, walipogeuza majina yao kwa Kiingereza wakawa Walker.

Kuna mahali ambapo fundi huyu amekwisha kupita mbele ya macho ya wasomaji wengi wa Kiswahili bila kutambuliwa. Katika Injili ya Marko, sura ya 9, mstari wa 3, mavazi ya Yesu mlimani yanakuwa meupe kiasi ambacho dobi yeyote duniani asingeweza kuyafanya. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 mahali hapo imeandika fuller. Mfasiri wetu alimtafuta mtu wa kufua nguo anayejulikana pwani, akampata dobi, na alichagua vizuri. Ikiwa mwanao ataulizwa darasani atamwelezaje bibi yake wa Tanga jina la Walker, aseme ni binamu wa dobi: Walker huipokea nguo ikiwa mpya kabla ya kuvaliwa, na dobi huipokea ikishavaliwa.

Sasa tuje kwa mzee na mwaka wake wa 1066, ambao William, mtawala wa Normandi huko Ufaransa, alivuka bahari na Wanormandi wake akaiteka Uingereza. Jina lenyewe halikuvuka bahari na William, maana ni la Kiingereza tangu mizizi, na neno lilikuwa likisemwa katika nchi hiyo kabla Mnormandi hajashuka merikebuni. Hilo unaweza kumwambia mkwe wako kwa furaha, kwa kuwa halimpunguzii kitu: jina lake ni la wenyeji waliomkuta William, si la wageni waliokuja naye. Tena katika maneno yake mna chembe ya kweli. Desturi ya kurithisha jina la ukoo kutoka kwa baba kwenda kwa mwana iliingia Uingereza na makabaila wa Kinormandi, waliotaka ijulikane wazi nani anarithi ardhi ya nani. Kwa watu wa kawaida ilishuka polepole, kusini mapema na kaskazini kwa kuchelewa, na kufikia karibu mwaka 1400 familia nyingi za Kiingereza zilikuwa nayo.

Sababu yake tunaielewa bila taabu. Baada ya 1066 majina ya kubatizwa yalipungua sana, na vijiji vikajaa akina John, William, Robert, Richard na Thomas. Katika mtaa wenye akina Juma wanne, sisi hatuhitaji amri ya serikali ili kuwapambanua: tunaye Juma Fundi, Juma Dereva, Juma wa Mbuyuni. Wao walifanya vivyo hivyo. Kilichowatofautisha na sisi ni kalamu ya karani. Mtoza kodi na mahakama ya bwana wa ardhi walihitaji kumjua mtu huyohuyo mwaka hata mwaka, na kumjua mwanawe baada yake. Jina la utani likaandikwa, likarudiwa, likaganda. Mfalme alipotoza kodi ya kichwa mwaka 1379, kwa watu wote waliozidi umri wa miaka 16, maskini alilipa peni 4 na fundi akalipa zaidi, na kwa ajili hiyo makarani wa upande wa magharibi wa Yorkshire waliandika majina pamoja na kazi. Orodha hizo zipo mpaka leo, na ndani yake utaona mtu mwenye jina la kazi moja aliyeandikwa kwamba anafanya kazi nyingine. Hiyo ni dalili kwamba jina limeshakuwa la urithi.

Kuhusu ngao, itanibidi niseme bila kuzunguka. Katika sheria ya Uingereza hakuna nembo ya jina la ukoo. Nembo hupewa mtu mmoja, kwa hati, na hurithiwa na wazao wake halali kwa njia ya baba. Chombo kinachosimamia jambo hili ni College of Arms mjini London, kilichoundwa mwaka 1484 na mfalme Richard III. Wapo watu walioitwa Walker waliopewa nembo kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja yake. Wauza ngao huchukua mojawapo, wakaichapa na kumwuzia kila mwenye jina hilo anayepita dukani. Mkwe wako hakudanganya mtu. Aliipenda familia yake akanunua alichoambiwa kuwa ni chake. Nisingekushauri uishushe ngao ile, wala usifungue mjadala huo mbele ya wageni. Mwombe siku moja akusimulie aliinunua wapi, mwaka gani na kwa nini, uandike maelezo hayo kwenye karatasi na kuibandika nyuma yake. Hapo ngao itakuwa na historia ya kweli ambayo mjukuu anaweza kuirithi, nayo ni habari ya babu yake.

Na yule mtoto wa darasani? Walker ni miongoni mwa majina 20 yanayobebwa na watu wengi zaidi Uingereza, na kila bonde lenye kondoo na kijito lilikuwa na fundi wake. Hapakuwa na Walker wa kwanza. Walikuwapo wengi, wasiojuana, kila mmoja akiwa chanzo cha ukoo wake. Wapo hata ambao jina lao huenda lilitokana na mahali paitwapo Walker, kando ya mto Tyne mjini Newcastle, ambapo neno lina maana ya kinamasi cha kwenye ukuta, yaani ule ukuta wa Warumi, wala halihusiani na nguo hata kidogo. Kwa hiyo hata majirani wawili wa Huddersfield wenye jina hili, Waingereza wa baba na mama, mara nyingi si ndugu.

Kwa familia iliyotoka Jamaika inabidi kusema jambo lingine, nalo mtoto wa miaka 9 anaweza kulielewa akielezwa kwa upole. Watu waliotolewa Afrika na kuuzwa visiwani walinyang'anywa majina yao. Majina ya Kiingereza waliyokuja kuyabeba yalitoka kwa mwenye shamba, kwa msimamizi, kwa aliyewabatiza, kwa baba mzungu aliyemkiri mtoto au asiyemkiri, na pengine waliyachagua wenyewe baada ya utumwa kukomeshwa kati ya mwaka 1834 na 1838. Jina peke yake haliwezi kukuambia lilipitia njia ipi. Hata Madam C. J. Walker, mfanyabiashara mashuhuri Mwafrika wa Marekani, alizaliwa mwaka 1867 akiitwa Sarah Breedlove, na Walker akalipata kwa ndoa. Basi mwanao asimwambie mwenzake kuwa ni ndugu wa damu, wala asimwambie kuwa jina lake si lake kweli. Limebebwa na watu wake kwa vizazi, wamelifanyia kazi na kuzikwa nalo, na ni lao kama lilivyo lenu.

Hapa ndipo watu hukimbilia DNA. Kipimo kinachofuata jina la ukoo ni kile cha kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume tu, kama jina lenyewe lilivyorithiwa. Mtoto wa kike hana, wewe huna; wa kupimwa angekuwa mume wako au baba yake. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha utafiti wa wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Kiingereza. Wenye majina adimu, kama Attenborough, wengi wao walishiriki mstari mmoja wa baba. Wenye jina la Smith hawakufanana kuliko watu wowote waliookotwa barabarani. Walker ni jina la kundi hilo la pili, la kazi na la wengi. Kipimo kinaweza kukuonyesha kama familia mbili mahususi za Walker zina babu mmoja, lakini hakitakuambia habari ya Walker wote, na hakitathibitisha lolote kuhusu mwaka 1066.

Tena kina hatari ambayo matangazo huitaja kwa sauti ndogo. Mstari wa baba hukatika: kuna mtoto aliyelelewa na jina la mume wa mama, kuna aliyeasiliwa, kuna aliyezaliwa nje ya ndoa akachukua jina la mamake. Mifupa ya Richard III ilipopatikana mwaka 2012 na kupimwa, wanaume wa leo waliohesabiwa kuwa wa ukoo wake kwa njia ya baba hawakulingana naye. Ikiwa mstari wa wafalme ulikatika, wa mafundi nao huenda ulikatika. Kwa hiyo msipime kwa ajili ya kazi ya shule, na msimpime mtoto ambaye hajafika umri wa kuamua mwenyewe. Kama mume wako na baba yake wanataka, wakae kwanza waulizane watafanya nini majibu yakileta jambo lisilotarajiwa. Na likija kweli, hasa linalogusa kuasiliwa au uzazi, tafuteni mshauri wa ana kwa ana kabla ya kuwatangazia jamaa.

Njia ninayoiamini ni ya polepole, nayo huanzia sebuleni kwa mzee. Mwulize majina kamili ya babu na bibi zake, walizaliwa wapi, walisali kanisa gani. Kutoka hapo vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vitawarudisha hadi tarehe 1 Julai 1837, serikali ilipoanza kuviandikisha. Sensa zitawasaidia katikati: kuanzia ile ya 1851 utaona parokia aliyozaliwa kila mtu, lakini ya 1931 msiitafute, iliteketea kwa moto mwaka 1942. Kabla ya 1837 mtategemea rejista za parokia, zilizoamriwa mwaka 1538. Upande wenu wa nchi ulikuwa na Wamethodisti na Wabaptisti wengi, kwa hiyo ubatizo usipoonekana kanisani, tazameni rejista za madhehebu hayo zilizohifadhiwa Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa. Nimeona miti mingi ya ukoo kwenye intaneti ikiharibika hapahapa: parokia moja ina akina John Walker watatu waliobatizwa ndani ya miaka michache, na mtu humchukua yule anayemfaa badala ya kuwafuata wote watatu mpaka makaburini.

Mkifika miaka ya 1600 na kurudi nyuma, hapo ndipo pa kumtafuta mtaalamu. Mmebahatika kuishi karibu na hazina: hati za mahakama ya milki ya Wakefield, zilizoenea hadi vijiji vya jirani na kwenu, zimebaki tangu mwaka 1274, na sasa ziko Chuo Kikuu cha Leeds. Ila ziliandikwa kwa Kilatini mpaka mwaka 1733, na karani wa Kilatini humwita fundi wetu fullo, hivyo hutajua kama majirani zake walimwita Walker au Fuller. Nendeni kwanza kwenye hifadhi ya nyaraka ya mkoa wenu na matokeo yenu mkononi. Wahudumu wa huko watawaambia kama kuna sababu ya kumlipa msomaji wa hati au kama bado mnaweza kuendelea wenyewe. Na msiahidiwe mwisho mtamu: familia nyingi za watu wa kazi hukatikia katika miaka ya 1700, kwa sababu tu rejista imeliwa na unyevu.

Kwa kazi ya mwanao, mfanyieni jambo moja jikoni, na ikiwezekana babu yake awepo. Tafuteni kipande cha sufu halisi, iliyofumwa au kusukwa kwa sindano, isiyotiwa dawa ya kuizuia isisinyae kwenye mashine. Mtoto akipime kwa rula na kuandika urefu na upana. Mkiweke ndani ya karai lenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika na sabuni ya kawaida, maana mkojo hatuna haja nao tena, kisha avue soksi aingie. Akikanyage, akigeuze, akikanyage tena, mpaka vidole vya miguu vihisi kwamba kimeacha kuteleza na kimeanza kushikamana. Akisuuze, akinyooshe juu ya taulo, na kikikauka akipime mara ya pili.